Helmsdale na Bonde Lililotwaliwa

Msafiri ashikaye njia ya kaskazini kutoka mji wa Inverness, akaiandama pwani ya mashariki ya Uskoti kwa masafa ya kilomita 110 hivi, bahari ikiwa kuumeni kwake na vilima vikiwa kushotoni, hukifikia kijiji cha Helmsdale mahali ambapo mto wa jina hilohilo, baada ya kuteremka bonde refu la Kildonan, hukutana na maji ya chumvi. Ni kijiji kidogo, ambacho wenyeji wake hawafiki elfu moja. Kina bandari ya mawe yenye mashua chache za kuvulia kaa na kambakoche, daraja lililojengwa mwaka 1811 kwa ramani ya mhandisi Thomas Telford, na mnara wa saa uliosimamishwa kuwakumbuka wanaume wa hapo waliouawa vitani. Juu ya mlango wa mto palikuwa na ngome, na ndani ya ngome hiyo, mwaka 1567, bwana wa Sutherland na mkewe walitiliwa sumu na Isobel Sinclair, jamaa yao, ambaye alitaka cheo kimwangukie mwanawe. Walakini mwana huyo naye akanywa katika kinywaji kilekile akafa. Magofu ya ngome yalivunjwa katika miaka ya 1970 ili barabara mpya ipite, na leo hapana jiwe la kumwonyesha mgeni.

Ajabu ya Helmsdale, hata hivyo, haimo katika hikaya hiyo ya sumu, bali imo katika unyofu wa mitaa yake. Vijiji vya kale vya wavuvi havikupangwa na mtu yeyote. Kila mwana alijenga ubavuni mwa nyumba ya babaye, na vichochoro vikapinda kufuata upepo, kisima na mipaka ya majirani. Mitaa ya Helmsdale imenyooka na kukatana kwa pembe kamili, kwa sababu ilipigiwa kamba na wapima ardhi kabla haijapata wakaazi. Na ukiyasoma majina yake, utakuta Dunrobin na Strathnaver, yaliyo majina ya Sutherland, yakipishana na Trentham na Lilleshall, ambayo ni majina ya majumba na milki za Uingereza, mbali sana na hapo, zilizokuwa mikononi mwa kabaila yuleyule mmoja aliyeimiliki na pwani hii. Kijiji kizima, basi, kimeandikwa kama hati ya mali, na mwenye kuitaka tarikhi yake hana budi aigeuzie bahari mgongo, apande bondeni, maana watu wa Helmsdale hawakutoka baharini. Walitoka Kildonan, na hawakutoka kwa hiari.

Kabla ya mwaka 1800 bonde hilo, ambalo kutoka pwani hadi maziwa yaliyo chanzo cha mto ni mwendo wa kilomita 30 hivi, lilikuwa na vitongoji kandokando ya mto kila palipokuwa na kipande cha ardhi kilichokubali jembe. Watu walisema Kigaeli, wakalima shayiri na mbatata, wakafuga ng'ombe weusi wadogo ambao kila mwaka waliswagwa kwenda kuuzwa kwenye masoko ya kusini, na wakati wa kiangazi wanawake na vijana walihamia malishoni juu ya vilima kukamua na kutengeneza jibini. Nyumba zilikuwa ndefu na chini, kuta za mawe na udongo, watu upande mmoja na mifugo upande wa pili, moto wa udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa na kukaushwa, ukiwaka katikati usiku na mchana. Kwa kuwa nchi ile ina uhaba wa miti, boriti za paa zilikuwa ndiyo mali ya thamani ya mpangaji. Mtu akihama, alizitwaa boriti zake akaenda nazo. Nalitaja jambo hili mapema kwa makusudi, kwa maana msomaji asiyelijua hawezi kufahamu uzito wa yale yaliyotendeka baadaye.

Maisha hayo yalikuwa na dhiki, na si haki kuyapamba. Miaka ya baridi kali mavuno yaliharibika, na njaa ilikuwa mgeni aliyejulikana kwa uso. Lakini watu hao waliamini kwamba ardhi ilikuwa yao kwa namna ambayo sharia ya Edinburgh na London haikuiandika: babu zao walimfuata chifu vitani, na chifu naye akawapa mahali pa kukaa, na ahadi hiyo ya pande mbili, waliyoirithi kizazi baada ya kizazi, kwao ilikuwa na nguvu kuliko karatasi. Kwa bahati mbaya karatasi ilikuwa mikononi mwa Bibi Elizabeth Gordon, aliyezaliwa mwaka 1765 na kuurithi ukabaila wa Sutherland angali mtoto mchanga, akalelewa mbali na nchi yake, na mwaka 1785 akaolewa na George Granville Leveson-Gower, Mwingereza aliyekuja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Uingereza, na ambaye mwaka 1833, miezi michache kabla ya kufa kwake, alifanywa Dyuki wa kwanza wa Sutherland.

Mabwana hawa walishauriwa, na mawakili wao wakasadiki, kwamba milki yao haitoi faida inayostahili. Mawakili hao majina yao yangali yakitajwa kaskazini ya Uskoti kwa uchungu: William Young na Patrick Sellar, waliotoka Moray, ng'ambo ya ghuba, na James Loch, mwanasharia aliyekuwa juu ya wote, akaitetea kazi yake kwa kitabu kizima kilichopigwa chapa mwaka 1820. Rai yao ilikuwa hii: mabonde ya ndani yakodishwe kwa wafugaji wachache wenye mitaji, wayajaze kondoo wa Cheviot, ambao sufi yao ilikuwa ikitafutwa sana na viwanda, na watu waliokuwa wakikaa mabondeni wateremshwe pwani, wapewe vipande vidogo vya ardhi, wajifunze uvuvi. Loch aliamini kwa dhati kwamba analeta maendeleo, na sioni haja ya kumsingizia nia mbaya kuliko aliyokuwa nayo. Fedha nyingi za familia zilimwagwa katika barabara, madaraja na bandari. Lakini mtu aweza kutenda dhuluma kubwa akiwa na ramani nzuri mkononi, na watu wa Kildonan hawakuulizwa.

Walipopata habari, walikataa. Mwanzoni mwa mwaka 1813 wageni waliokuja kuikagua ardhi kwa ajili ya kondoo walizuiwa na umati wa watu na kufukuzwa bondeni. Hoja yao ilikuwa wazi: wana wao walikuwa wakitumikia katika jeshi la mfalme, nao waliahidiwa kwamba kwa utumishi huo wazee hawatasumbuliwa katika makao yao. Na kwa kweli wana hao walikuwako jeshini. Kikosi cha 93, kilichoandikishwa katika nchi ya Sutherland mwaka 1799 na 1800, kilikuwa miongoni mwa majeshi yaliyoiteka Rasi ya Tumaini Jema kutoka kwa Waholanzi Januari 1806, kikabaki huko kulilinda koloni hadi mwaka 1814; na askari wake, watu wa ibada, waliunda kanisa lao la Kipresbiteri huko Cape Town na kulichangia kutoka katika mishahara yao midogo. Yaani katika majira yaleyale ambayo kijana wa Sutherland alikuwa akilinda zamu kusini ya Afrika kwa niaba ya dola, dola hiyo ilileta askari kutoka ngome ya Fort George kuwatisha wazazi wa vijana wa Sutherland. Sijui katika habari hii yote jambo linalouma kuliko hilo.

Upinzani ulivunjika bila kumwagwa damu, na baadhi ya watu wakaamua heri bahari kuu kuliko pwani waliyochaguliwa. Lodi Selkirk alikuwa akitafuta walowezi wa koloni lake la Mto Mwekundu, katikati ya Kanada. Mamia ya watu wa Kildonan waliomba kwenda, na waliopata nafasi, wasiofika mia, waliabiri mwezi wa Juni 1813 katika jahazi la Prince of Wales kutoka Stromness, visiwani Orkney. Homa ya vipele ilizuka njiani ikaua abiria na mabaharia. Nahodha, badala ya kuwafikisha York Factory palipokusudiwa, aliwashusha Churchill, pwani ya Ghuba ya Hudson, ambako walijenga vibanda vya magogo wakakaa majira ya baridi ambayo hata wenyeji wa nchi hiyo huyaogopa. Aprili 1814 walio vijana miongoni mwao, wake kwa waume, walishika njia ya theluji kwa miguu hadi York Factory, mpiga zumari akiwatangulia ili msafara usipotezane, na Juni wakaufikia Mto Mwekundu. Leo ukiwa katika mji wa Winnipeg utakuta mitaa na makanisa yenye jina la Kildonan; hao ndio waliolipeleka.

Waliobaki walingoja zamu yao. Mwaka 1814 ilikuwa zamu ya bonde jirani la Strathnaver, ambako nyumba zilichomwa moto chini ya usimamizi wa Sellar mwenyewe, hata akashitakiwa mahakamani Inverness mwaka 1816 kwa tuhuma zilizokuwa pamoja na mauaji. Baraza la wazee wa mahakama, ambalo aghalabu lilikuwa la wenye ardhi, likamwachilia. Uhamisho mkubwa kabisa, uliomaliza Kildonan na sehemu kubwa ya Strathnaver, ulikuwa wa mwaka 1819. Utaratibu ulikuwa kwamba boriti za paa zilizokuwa mali ya mpangaji, zile nilizozitaja, zilichomwa pale pale uani, ili mtu asiweze kurudi usiku akaezeka tena. Kasisi kijana Donald Sage, ambaye babaye alikuwa mchungaji wa Kildonan na yeye mwenyewe akihubiri Strathnaver, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi alivyoyaona mabonde hayo yakifuka moshi, na jinsi ibada ya mwisho ilivyokatizwa na kilio. Hesabu ya serikali ya mwaka 1811 iliwakuta watu zaidi ya 1,500 katika parokia ya Kildonan. Ile ya mwaka 1831 iliwakuta wasiofika 300.

Ndipo Helmsdale ikazaliwa, kuanzia mwaka 1814, na bandari yake ikajengwa mwaka 1818. Juu ya kijiji, kwenye miteremko ya Gartymore, Marrel na Portgower, ardhi iligawanywa vipande vya ekari mbili tatu, mawe matupu na magugu, na kila jamaa ikapewa kimoja ikiwa haina nyumba wala mbegu wala kamba ya mashua. Udogo wa vipande haukuwa ajali. Ulikusudiwa, kwa kuwa mtu aliyeweza kushiba kwa jembe asingekwenda baharini, na mwenye milki alihitaji aende. Basi watu ambao baba zao hawakupata kushika kasia, ambao bahari waliijua kwa macho kutoka mlimani, walikabidhiwa bahari ya kaskazini wakaambiwa ndiyo riziki yao. Walifundishwa na wavuvi walioletwa kutoka pwani za kusini, wakakodi mashua kwa mkopo, na wengi wakafa maji kabla hawajaijua kazi.

Lakini waliijua. Hapa pana sehemu ya tarikhi hii ambayo wasimuliaji wa dhuluma huipita upesi, nami sitaki kuipita, kwa sababu sifa yake ni ya wale walioteswa wala si ya mawakili. Katika muda wa kizazi kimoja Helmsdale ikawa mojawapo ya bandari mashuhuri za heringi, samaki ambaye ni jamaa ya dagaa ingawa humzidi sana kwa ukubwa, na ambaye wakati wa kiangazi alikuwa akipita pwani hiyo kwa makundi yasiyo na hesabu. Kabla ya katikati ya karne ya kumi na tisa mashua zaidi ya 200 zilivua kutoka bandari hii ndogo katika msimu. Uvuvi wenyewe ulikuwa wa usiku. Mashua, zilizo wazi bila sitaha, zilitoka na upepo wa jioni, zikaziachia jarife zao zining'inie majini kama pazia, mashua na nyavu zikaelea pamoja na mkondo, na heringi, waliopanda juu gizani kufuata chakula chao, wakanasa kwa mashavu. Alfajiri ilikuwa ni kuvuta, kung'ata meno, na kurudi upesi kabla joto la mchana halijawaharibu, kwa maana heringi ni samaki wa mafuta na hangoji.

Gatini walikuwa wanawake. Walifanya kazi watatu watatu, wawili wakipasua na mmoja akipanga mapipani, na vidole vyao wamevizungusha vitambaa vilivyofungwa kwa uzi, kidole kimoja kimoja, ili kisu kisiwakate. Na kikiwakata, kama ilivyotokea kila siku, chumvi iliingia kidondani na kukizuia kisipone msimu mzima. Kisu kilikuwa kifupi. Kiliingia shingoni, kikageuzwa mara moja, matumbo na mashavu yakatoka pamoja, na mkono wa pili ulikuwa umekwisha mtupa samaki katika beseni la kadiri yake bila jicho kumwangalia, mdogo kwa wadogo, mnene kwa wanene. Mwanamke hodari aliwamaliza arubaini na zaidi kwa dakika moja. Yule wa tatu aliinama ndani ya pipa mpaka kiunoni, akapanga tabaka ya kwanza matumbo juu, akanyunyiza chumvi, akapanga tabaka ya pili kukingama juu ya ya kwanza, hivyo hivyo mpaka ukingoni. Pipa lilifunikwa, likaachwa samaki washuke, likafunguliwa, likajazwa tena, na ndipo mkaguzi wa serikali akalitazama, na likimridhisha akalipiga chapa ya taji kwa chuma cha moto. Chapa hiyo ilitambulikana Stettin, Danzig na Sankt Petersburg, na mfanyabiashara wa huko alinunua pipa bila kulifungua. Baadaye reli zilipokuja, wanawake hao waliwafuata samaki tangu Shetland hadi Great Yarmouth mashariki mwa Uingereza, kila mmoja na sanduku lake, wakifuma fulana za sufi njiani hata wakitembea.

Pana jambo jingine juu ya mapipa hayo ambalo mwandishi wa bara letu hawezi kulinyamazia. Kabla ya soko la Baltiki kushika nguvu, sehemu kubwa ya heringi wa chumvi wa Uskoti, hasa wale duni, walipelekwa Ayalandi kwa mafakiri, na visiwa vya Karibi kuwalisha Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya miwa, mpaka utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza katika miaka ya 1830. Wenye mashamba walitaka chakula cha bei ndogo kisichooza, na samaki wa chumvi akawafaa. Hivyo biashara iliyowaokoa watu wa pwani hii na njaa ilisimama, katika miaka yake ya mwanzo, juu ya mkate wa watu waliotendewa ubaya kuliko wao. Na hapana dalili kwamba mvuvi wa Helmsdale, akipokea ujira wake gatini, aliwahi kuambiwa pipa linakwenda wapi.

Bahari nayo ilidai sehemu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Agosti 1848, katikati ya msimu, dhoruba iliishukia pwani yote ya mashariki ilhali mamia ya mashua yako nje. Mashua 124 zilipotea na wanaume 100 wakafa, wengi wao milangoni mwa bandari, machoni pa wake zao, kwa sababu maji yalikuwa yametoka na mashua haziwezi kuingia. Kapteni John Washington wa jeshi la maji alitumwa kuchunguza, na taarifa yake ya mwaka 1849 ikasema bila kuficha kwamba bandari zina kina kidogo, na kwamba mashua zisizo na sitaha hazifai kwa bahari hiyo. Ilichukua miaka mingi kabla wavuvi, ambao walipenda mashua nyepesi na walioogopa deni, hawajakubali zile zenye sitaha.

Akitaka kuiona pwani katika ukali wake, mgeni na akivuke kijiji, aelekee kaskazini juu ya jabali la Ord, ambalo ni mpaka wa Sutherland na Caithness. Vilima vinateremka hapo mpaka baharini bila kubakiza ufuo, na zamani wasafiri walishuka farasini wakapita kwa miguu, mkono mmoja umeshika ukuta wa mlima. Watu wa ukoo wa Sinclair wana mwiko wa kulivuka jabali hilo siku ya Jumatatu wakiwa wamevaa kijani, kwa kuwa, husimulia wazee, chifu wao na wanaume wake walilivuka Jumatatu katika mavazi ya kijani wakienda vita vya Flodden mwaka 1513, na hawakurudi. Kilomita chache mbele ya Ord, baina ya barabara na shimo la bahari, yako magofu ya Badbea. Hapa walitupwa watu waliofukuzwa katika mabonde ya Ousdale na Berriedale tangu miaka ya 1790 na mwenye ardhi mwingine, Sir John Sinclair wa Ulbster, ambaye katika vitabu anasifiwa kuwa baba wa kilimo bora na wa ilimu ya takwimu katika Uskoti.

Niseme wazi kwamba katika safari zote za pwani hii sikuona mahali panapofundisha kuliko Badbea. Mteremko ni mkali hata farasi hawezi kuvuta jembe, ikabidi walime kwa sepeto. Upepo hauna kizuizi tangu Norwe. Na simulizi za huko zasema kwamba kuku, ng'ombe na watoto wadogo walifungwa kamba kwenye vigingi wasipeperushwe wakaanguka jabalini. Unaposimama kati ya kuta zilizobakia, zilizofika kiunoni, ukatazama nyasi zilivyolala upande mmoja na bahari ilivyo chini ya vidole vya miguu, simulizi hiyo haikupi taabu kuisadiki. Familia zilikaa hapo zaidi ya miaka mia, wanaume wakivua heringi Berriedale, wanawake wakisokota sufi. Wengine wakahamia Amerika na Nyuzilandi. Mkaazi wa mwisho aliondoka mwaka 1911, na mwaka huohuo mnara wa mawe ulisimamishwa kwa gharama ya mtu wa Nyuzilandi, mwana wa Alexander Robert Sutherland, aliyezaliwa hapo mwaka 1806 na kuondoka mwaka 1839. Juu yake yamechongwa majina ya familia za Badbea.

Ama bonde la Kildonan lenyewe, kulipanda kutoka Helmsdale ni safari ya upole. Mto wa samoni unametameta kando ya njia, na reli, ambayo ilifika kijijini mwaka 1871 na ikashindwa kulipita jabali la Ord, ilipindishwa ndani kufuata bonde hili hata ikafika Wick na Thurso mwaka 1874. Wageni husifu ukimya, na kwa macho ukimya huo ni mzuri kweli: vilima vimevikwa vichaka vya maua ya zambarau mwezi wa Agosti, paa wenye pembe husimama mbali wakikutazama. Lakini jicho likizoea, huanza kuona vipande vya kijani kibichi katikati ya rangi ya kahawia, na kila penye kijani hicho pana misingi ya nyumba, pana upupu uotao mahali palipokuwa na samadi, pana ukuta wa zizi. Ardhi iliyolimwa na kutiwa mbolea kwa karne nyingi haisahau upesi. Watu wengi huliita bonde hili nchi ya asili isiyoguswa na binadamu. Rai yangu ni kwamba jina hilo ni kosa na pia ni ukosefu wa adabu kwa waliotolewa, kwa sababu utupu wa Kildonan una tarehe na una hati zenye sahihi.

Mara moja tu bonde lilijaa tena. Robert Gilchrist, mzaliwa wa Kildonan aliyefanya kazi miaka mingi katika machimbo ya Australia, alirudi nyumbani na mwaka 1868 akagundua dhahabu katika vijito vya mlimani. Mwaka uliofuata mamia ya watu walimiminika, wakapiga mahema na vibanda mahali wakapaita kwa Kigaeli Baile an Òr, Mji wa Dhahabu, wakilipa pauni moja kwa mwezi kwa leseni, na fungu la kumi la walichopata. Wafugaji walilalamika juu ya kondoo, wapangaji wa mawindo juu ya paa na samoni, na mwisho wa mwaka 1869 Dyuki wa Sutherland wa wakati huo akakataa kutoa leseni zaidi. Kwa mara ya pili watu waliteremshwa kutoka Kildonan ili wanyama wapate nafasi.

Helmsdale ilitoa pia mtu wa kulijibu hilo. Angus Sutherland alizaliwa hapo mwaka 1848, katika jamaa iliyofukuzwa Kildonan, akasoma, akawa mwalimu Glasgow. Na Tume ya Lodi Napier, iliyotumwa na serikali kusikiliza malalamiko ya wakulima wadogo wa kaskazini, ilipoketi Helmsdale mwezi wa Oktoba 1883, alisimama mbele yake na kuieleza tarikhi ya uhamisho mbele ya wawakilishi wa milki. Mwaka 1886 bunge lilipitisha sharia iliyowapa wakulima hao haki ya kutofukuzwa na ya kukadiriwa kodi ya insafu, na mwaka huohuo watu wa Sutherland walimchagua yeye kuwa mbunge wao, kiti ambacho kwa vizazi kilikuwa kama samani ya jumba la Dunrobin. Baadaye, mwaka 1894, alifanywa mwenyekiti wa Bodi ya Uvuvi ya Uskoti. Mjukuu wa watu waliolazimishwa kuwa wavuvi akawekwa juu ya uvuvi wa nchi nzima.

Heringi hawakudumu. Vita vya mwaka 1914 viliifunga Ujerumani, mapinduzi ya mwaka 1917 yakaifunga Urusi, na mapipa yakakosa wanunuzi. Bandari ambayo mtu angeweza kuivuka kwa kukanyaga mashua hadi mashua ikabaki na chache. Juu ya kilima cha Ben Bhraggie, karibu na kijiji cha Golspie, sanamu ya Dyuki wa kwanza ingali imesimama tangu mwaka 1837, ikionekana kutoka mbali. Na tangu mwaka 2007 Helmsdale nayo ina sanamu yake, ya shaba, ya jamaa moja inayoondoka: baba anatazama mbele, mtoto anamtazama baba, na mama aliyebeba mchanga amegeuza kichwa kuelekea bondeni. Nakala yake imewekwa Winnipeg.

Mwaka 2016 wakaazi wa Portgower, Gartymore, Marrel na Helmsdale ya Magharibi, kwa chama chao kiitwacho Garbh Allt, waliinunua kutoka kwa milki ya Sutherland ardhi wanayoikalia na malisho yake, ekari 3,000 hivi, ambamo vimo vile vipande vidogo vya mawe walivyopewa mababu zao baada ya kufukuzwa. Malisho, ujenzi wa nyumba na kodi, mambo ambayo kwa miaka mia mbili yaliamuliwa na wakili wa mtu mwingine, sasa huamuliwa katika mkutano wao wenyewe. Mpaka wa ununuzi huo unakomea kwenye vilima vya pwani. Ndani zaidi, kando ya mto, bonde limo bado mikononi mwa wenye mashamba ya mawindo, na samoni wake huvuliwa kwa ndoana na wale wawezao kulipa.